Kipimo cha Kazi: Nadharia ya Usimamizi wa Kisayansi kutoka Ngwe ya Mkonge hadi Jiko la Chakula cha Haraka katika Mazingira ya Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nadharia ya usimamizi wa kisayansi iliyoasisiwa na Frederick Winslow Taylor, na yanachunguza namna mantiki yake inavyojitokeza katika kazi ya chakula cha haraka. Mfano mkuu umechukuliwa katika ukanda wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako wakazi wa kata kama Misima wamejua kazi ya kupimwa tangu enzi za mashamba ya mkonge. Hoja inayojengwa ni kwamba kipimo cha kazi si kitu kigeni kwa jamii hii. Jambo linalobadilika kutoka zama hadi zama ni nani anayekiweka kipimo hicho, nani anayebaki na maarifa ya kazi, na nani anayefaidi muda unaookolewa.

1.0 Utangulizi

Misima ni kata ya Wilaya ya Handeni, katika eneo la wakulima ambao zao lao kuu la chakula ni mahindi. Kijana wa huko anayeamua kutafuta kazi ya mshahara bila kwenda mbali ana njia mbili zinazofahamika. Ya kwanza ni mashamba ya mkonge ya Korogwe. Ya pili ni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, inayopita Mkata, Kabuku, Segera na Korogwe, ambako migahawa ya kuhudumia abiria wa mabasi huajiri wapishi, wapakuaji, wakaanga chipsi, waosha vyombo na wapokea fedha.

Kwa mtazamo wa haraka, njia hizi mbili hazifanani. Moja ni kazi ya shambani, ya panga na jua. Nyingine ni kazi ya kivulini, ya mafuta ya moto na sahani. Hata hivyo, mtu anayezichunguza kwa makini hubaini kwamba zote zimejengwa juu ya swali moja: katika muda fulani, mtu mmoja anapaswa kutoa kiasi gani cha kazi? Swali hilo ndilo aliloligeuza Taylor kuwa nadharia.

2.0 Kiini cha Nadharia ya Usimamizi wa Kisayansi

Frederick Winslow Taylor alizaliwa mwaka 1856 huko Philadelphia, Marekani, akafariki mwaka 1915. Alianza kazi katika kiwanda cha chuma cha Midvale mwaka 1878, akapanda ngazi hadi kuwa mhandisi. Akiwa kiwandani aligundua kwamba mafundi walijua mengi kuhusu kazi yao kuliko wasimamizi, na kwamba walitumia ujuzi huo kujipangia kasi. Wasimamizi waliweza kukaripia na kufukuza, lakini hawakuweza kusema kwa uhakika kazi fulani inachukua dakika ngapi. Taylor aliona kwamba mamlaka ya fundi yalikuwa katika maarifa hayo; akaamua kuyakusanya.

Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alifafanua kanuni nne. Kwanza, kila kipengele cha kazi kichunguzwe kisayansi badala ya kuachwa kwa mazoea. Pili, wafanyakazi wachaguliwe kwa kufaa kwao na wafundishwe njia iliyothibitishwa kuwa bora. Tatu, wasimamizi washirikiane na wafanyakazi ili kazi ifanywe kwa njia hiyo. Nne, majukumu yagawanywe: usimamizi ubebe jukumu la kufikiri na kupanga, mfanyakazi abebe la kutekeleza. Kanuni ya nne ndiyo yenye uzito zaidi kwa mjadala huu, kwa kuwa inatenganisha kichwa na mkono.

Mfano maarufu wa Taylor unatoka katika kiwanda cha Bethlehem, ambako wafanyakazi walipakia vipande vya chuma katika mabehewa. Kwa maelezo yake, kila mtu alikuwa akipakia wastani wa tani 12 na nusu kwa siku. Baada ya kupangiwa lini abebe, lini atembee na lini apumzike, mfanyakazi aliyechaguliwa alifikisha takriban tani 47, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku. Wanahistoria wa baadaye wametilia shaka sehemu kadhaa za simulizi hiyo. Lakini hata ikichukuliwa kama ilivyosimuliwa, hesabu yake inafundisha: kazi iliongezeka karibu mara nne, ilhali ujira uliongezeka kwa asilimia 61 hivi. Taylor mwenyewe alikiri kwamba ni takriban mtu 1 kati ya 8 aliyeweza kuimudu kasi hiyo.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1911 wafanyakazi wa karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma baada ya wapimaji kuingia na saa zao. Bunge la Marekani liliunda kamati ya kuchunguza mfumo huo, na baadaye likazuia fedha za serikali kutumika kupima muda wa wafanyakazi katika karakana za jeshi. Pamoja na hayo, mantiki yake ilisambaa. Mwaka 1913 Henry Ford aliweka mkanda wa kuunganishia magari uliokuwa ukitembea wenyewe. Tangu hapo kasi haikuhitaji tena kuamriwa na msimamizi, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa msimamizi.

3.0 Ngwe, Manamba na Kipande

Ingekuwa kosa kudhani kwamba dhana ya kazi iliyopimwa ilifika Tanga pamoja na vitabu vya Taylor. Lugha ya Kiswahili ina neno ngwe, kwa maana ya sehemu ya shamba iliyopimwa ambayo mtu hupangiwa kuilima. Anayelima ngwe hajipimi kwa saa. Hujipima kwa ardhi iliyo mbele yake: akiifikisha mwisho, amemaliza. Katika kilimo cha kusaidiana, ngwe hukatwa mbele ya wote, na mwenye shamba akizidisha urefu wake, wenzake watamwambia papo hapo.

Kilimo cha mkonge kiliichukua mantiki hiyo na kuiondoa katika mikono ya jamii. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakafuata reli. Tatizo la wenye mashamba halikuwa ardhi bali watu. Mwaka 1907, katika Usambara Magharibi, utawala wa Kijerumani ulianzisha utaratibu wa kadi uliomtaka kila mwanamume kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu kwa siku 30 katika kila miezi minne. Kadi hiyo iliitwa kipande.

Chini ya utawala wa Waingereza, kipande kiliendelea kuwa msingi wa ajira katika mashamba ya mkonge. Kwa kawaida kilikuwa na nafasi 30 za siku za kazi, ambazo mfanyakazi alitakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Siku haikuhesabiwa kwa kuwapo shambani, bali kwa kutimiza kiasi kilichopangwa. Mkataji alikata majani, akaondoa miiba ya nchani, akayafunga mafungu ya majani 30, kisha akayapanga ili yahesabiwe. Mnyapara akikuta mafungu hayajatimia, siku hiyo haikuandikwa, na jasho lililokwisha kumwagika halikuwa na malipo. Watu walioletwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, jina litokanalo na neno namba. Jina hilo lenyewe ni ushahidi wa jinsi mfumo ulivyomwona mtu.

Je, huu ulikuwa usimamizi wa kisayansi? Jibu ni ndiyo na hapana. Ni ndiyo kwa kuwa kazi iligawanywa vipande vinavyohesabika: wakataji, wasukuma toroli, walisha mashine ya korona, waanikaji, wapiga brashi na wafunga marobota, kila mmoja na kiasi chake cha siku. Taylor naye aliweka kiasi cha siku katikati ya mfumo wake. Ni hapana kwa sababu mbili. Kwanza, Taylor aliahidi ujira mkubwa kwa atakayetimiza kipimo, wakati shamba la kikoloni lilitegemea kazi rahisi na halikuona haja ya ahadi hiyo. Pili, katika shamba la mkonge hakuna aliyemfuata mkataji na saa kumwelekeza namna ya kushika panga. Maarifa ya kukata yalibaki mkononi mwake. Mkataji hodari aliyeanza alfajiri aliweza kumaliza mapema na kurudi nyumbani mchana, na saa alizookoa zilikuwa zake.

Suala la nani aweke kipimo na nani amsemee mfanyakazi liliibuka waziwazi mwaka 1958, katika mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde, wilayani Korogwe. Miongoni mwa mambo yaliyogombewa ni iwapo wafanyakazi wangewakilishwa kupitia mabaraza yaliyokubalika kwa wenye mashamba, au kupitia chama chao wenyewe. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hiyo inaeleza kwa ufupi kwa nini kipimo kinachowekwa na upande mmoja hakiwezi kuitwa sayansi tupu.

4.0 Kutoka Kiwandani hadi Jikoni

Nadharia ya Taylor ilizaliwa katika chuma, lakini ilipata makazi ya kudumu katika chakula. Mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliufunga mgahawa wao wa San Bernardino, California, kwa miezi michache, wakaupanga upya. Walipunguza orodha ya vyakula kutoka takriban 25 hadi 9, wakaondoa sahani na vyombo vya kuoshwa, wakaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, na wakagawa kazi ya jikoni: mmoja achome nyama, mwingine apake viungo na kufunga, mwingine akaange viazi, mwingine achanganye vinywaji. Bei ya mkate wa nyama ilishuka hadi senti 15. Jiko lililokuwa likihitaji mpishi likawa linahitaji mikono kadhaa, kila mmoja na tendo lake.

Ray Kroc alipofungua mgahawa wake wa kwanza wa jina hilo mwaka 1955 huko Des Plaines, Illinois, alitaka chakula kiwe kilekile kila mahali. Ili hilo liwezekane, unene wa nyama, upana wa kipande cha kiazi na muda wa kukaanga vilibidi viandikwe. Mwaka 1961 kampuni ilianzisha chuo chake cha mafunzo. Tofauti na enzi za Taylor, msimamizi hakulazimika kusimama na saa. Kikaangio kilipewa kengele inayolia chakula kinapoiva, na mfanyakazi alilazimika kuitii. Mwaka 1993 mwanasosholojia George Ritzer alieleza kwamba mantiki hiyo, yenye nguzo za ufanisi, uhesabikaji, utabirikaji na udhibiti, ilikuwa imevuka jiko na kuingia shuleni, hospitalini na ofisini.

Afrika Mashariki iliipokea mantiki hii kupitia migahawa ya kimataifa ya kuku wa kukaanga. KFC ilifungua milango Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013. Tukio la Januari 2022 nchini Kenya linafaa kukumbukwa. Migahawa ya kampuni hiyo iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka nje vilichelewa njiani, ilhali Kenya ni nchi inayolima viazi kwa wingi. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wakulima wa ndani walikuwa hawajapitia utaratibu wa kampuni wa kuthibitisha ubora. Wananchi walikasirika, na kampuni ikaahidi kufanya kazi na wakulima wa nchi hiyo. Funzo la kinadharia ni kwamba kipimo hakimfungi mfanyakazi pekee. Kinafika hadi shambani na kuamua kiazi kipi ni kiazi.

5.0 Jiko la Barabara Kuu: Mfano wa Korogwe

Migahawa ya njiani ya Korogwe haina vitabu vya mafunzo vya Marekani. Hata hivyo, ina sharti moja linalofanya kazi ya saa ya Taylor, nalo ni honi ya basi. Kondakta hutangaza kwamba abiria wana dakika chache, pengine ishirini au pungufu, za kula na kujisaidia. Watu wapatao sitini hushuka kwa mkupuo. Ikiwa basi la pili litaingia kabla la kwanza halijaondoka, idadi hiyo huongezeka maradufu. Mgahawa usioweza kuwahudumia kwa muda huo utapoteza wateja wa basi hilo, na pengine utapoteza kituo chenyewe, kwa maana dereva ana uhuru wa kusimama kwingine.

Hivyo basi, bila kumsoma Taylor, jiko hujigawa. Wali huiva kabla basi halijafika. Kuku hukatwa vipande vinavyolingana asubuhi, kwa kuwa kipande kikubwa kwa huyu na kidogo kwa yule kitazua mabishano yanayokula muda. Viazi hukaangwa nusu, kisha humaliziwa mteja anaposimama mbele. Mteja hulipa kwanza, hupewa risiti, kisha huifikisha kwa mpakuaji. Mpakuaji hashiki fedha na mpokea fedha hashiki upawa. Upawa wenyewe ni kipimo: mmoja ni sahani moja. Kila utaratibu kati ya hizi ungekubaliwa na Taylor mara moja.

Karibu na hapo, tofauti huonekana kwa muuza chipsi wa jioni au mama lishe. Muuza chipsi humenya viazi, huvikata, hukaanga, huvunja mayai, hugeuza zege, hukata kachumbari na kupokea fedha. Anajua sauti ya mafuta yaliyopata moto. Anajua mteja yupi hapendi pilipili na yupi anakopesheka hadi mwisho wa mwezi. Kwa lugha ya Taylor, hayo yote ni mazoea yasiyopimwa. Kwa lugha ya kazi, ni maarifa kamili, na mwenye nayo anaweza kuhama na kikaango chake akaanzisha biashara kwingine.

Hapo ndipo ilipo gharama isiyoonekana ya jiko lililogawanywa. Kijana wa Misima anayeajiriwa kupakua wali anaweza kufundishwa kazi hiyo kwa siku moja, na hilo ni jambo jema kwake anapoingia. Lakini kinachofundishika kwa siku moja kinaweza kufundishwa mwingine kesho. Baada ya miaka mitatu anaweza kuwa hodari wa kupakua bila kujua kununua viazi, kukadiria mafuta wala kupiga hesabu ya faida. Wepesi uliomfungulia mlango wa kuingia ndio unaorahisisha kuondolewa kwake.

6.0 Mjadala: Faida, Gharama na Sheria

Si sahihi kuulaani mgawanyo wa kazi kwa jumla. Mtu ambaye hashiki fedha na chakula kwa mkono uleule hulinda afya ya mlaji. Kipimo kinacholingana humlinda abiria mgeni asipunjwe. Bei hushuka kazi inapopangwa vizuri, na asiye na uzoefu hupata pa kuanzia. Aidha, utaratibu ulioandikwa unaweza kumlinda mfanyakazi dhidi ya amri za kubahatisha.

Tatizo huanza pale ambapo kazi inapimwa lakini uchovu haupimwi. Mkataji wa mkonge aliyemaliza kiasi chake alikwenda nyumbani. Mpakuaji wa barabara kuu akimaliza basi moja, husubiri jingine. Kasi yake haimletei saa za kupumzika. Humletea wateja zaidi. Kwa maana hiyo, kazi yake hubeba uzito wa pande mbili, kwa kuwa anadaiwa kiasi kama mtu wa ngwe na anadaiwa muda kama mtu wa saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kipimo cha upande wa pili. Kwa kawaida, saa za kazi hazipaswi kuzidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Kazi ya ziada inahitaji makubaliano, haipaswi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Anayefanya kazi usiku anastahili nyongeza ya angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kwa jiko linalopokea mabasi tangu asubuhi hadi usiku, vipengele hivi vinagusa maisha ya kila siku. Lakini sheria hutegemea kumbukumbu. Mgahawa unaohesabu kila kipande cha kuku lakini hauandiki saa ya mfanyakazi kuingia na kutoka, umechukua nusu ya sayansi iliyo na faida kwa mwenye mgahawa na kuiacha nusu nyingine.

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wafanyakazi wa migahawa ya njiani wazungushwe katika vituo vya jiko, ili anayepakua leo ajifunze pia kununua, kukaanga na kuhesabu. Pili, viwango vya kazi na zamu vijadiliwe na wafanyakazi wenyewe kabla ya kuwekwa, kama ngwe ilivyokatwa mbele ya walimaji. Tatu, muda wa kazi uandikwe kwa umakini uleule unaotumika kuandika mauzo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba usimamizi wa kisayansi haukuwaletea watu wa Handeni na Korogwe wazo la kupima kazi. Wazo hilo walikuwa nalo katika ngwe. Shamba la mkonge liliondoa kipimo katika mikono ya walimaji na kukiweka katika kadi ya mwajiri, lakini liliacha ujuzi wa panga kwa mkataji na mchana wake kwa aliyemaliza mapema. Jiko la chakula cha haraka limekwenda hatua zaidi: limegawa ujuzi wenyewe, na muda uliookolewa umebaki upande wa kaunta. Kwa hiyo, uchunguzi wa kazi ya kisasa katika ukanda huu hauna budi kuuliza zaidi ya kama kazi inakwenda haraka. Unapaswa kuuliza pia kijana aliyetoka Misima akiondoka kwenye jiko hilo baada ya miaka mitano, ataondoka na maarifa gani mkononi.